Mji wa Hamburg na Mgomo wa Bandari wa 1896
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa na halmashauri ya tawi tuseme habari za mji mmoja wa Ujerumani uitwao Hamburg. Huenda mwanachama akauliza: sisi watu wa reli tuna shughuli gani na mji wa Wajerumani ulio mbali hivyo? Jibu letu ni mambo mawili. Kwanza, mji huo ulikuwa ukifanya biashara na pwani yetu kabla taruma la kwanza la reli halijalazwa Mombasa. Pili, wafanya kazi wa mji huo walifanya mgomo mmoja mkubwa sana, nao wakashindwa. Habari za migomo iliyoshinda tunazisikia mara nyingi. Za ile iliyoshindwa watu huzifunika, kama kwamba ni aibu. Sisi tumeona tuzifunue, maana mambo waliyoyafanya watu wale baada ya kushindwa yanatuhusu sana.

Tuanze na mji wenyewe. Hamburg haukukaa ufuoni mwa bahari kama Mombasa. Uko juu ya mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka bahari, lakini maji ya kujaa na kupwa yanafika mpaka mjini, na meli kubwa hupanda mto mpaka kwenye gati. Zamani ulikuwa mmoja wa miji ya biashara iliyofungamana pamoja kwa jina la Hansa, ukajitawala bila mfalme. Waliotawala ni wafanya biashara wakubwa, pamoja na wenye nyumba za kupangisha. Tafadhali likumbukeni neno hili, wenye nyumba, tutalirudia.

Wafanya biashara hao walijua Unguja zamani sana. Mwaka 1859 miji ya Hansa, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck, iliandikiana mkataba wa biashara na Sultani wa Unguja. Nyumba za biashara za Hamburg kama O'Swald na Hansing zilikuwa na ofisi zao Unguja. Walinunua pembe za ndovu, karafuu na ngozi. Tena walinunua kauri, vile visimbi ambavyo sisi watoto tulichezea, wakavipakia katika meli na kuvipeleka Afrika ya Magharibi, ambako vilitumika kama fedha. Kwa kauri za pwani yetu watu wa Hamburg walipata mali nyingi. Mwaka 1890 ikaundwa huko Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, na Serikali ya Ujerumani ikaipa msaada wa Mark 900,000 kila mwaka ili meli zake zije pwani ya Afrika ya Mashariki.

Katika habari hizo hatuwezi kumpita Bibi Salme, binti Sayyid Said wa Unguja. Alimpenda kijana wa Hamburg aliyefanya kazi ya biashara Unguja, jina lake Heinrich Ruete. Mwaka 1866 akatoroka katika manowari ya Waingereza, na mwaka 1867 wakaoana Aden na kwenda kukaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu akafa. Bibi huyo, mtoto wa Sultani, akabaki na watoto watatu wadogo katika mji wa baridi, mali yake ya Unguja amenyimwa, ikambidi kufundisha lugha ya Kiarabu ili apate riziki. Alikufa mwaka 1924, na amezikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Tunamtaja kwa sababu watu wengi wakisikia Hamburg hukumbuka jina lake. Lakini pembe ile iliyotoka Tabora kwa mabega ya wapagazi, ikapakiwa Unguja na mahamali, haikupanda yenyewe ghalani Hamburg. Kulikuwa na mtu wa kuipokea na kuibeba. Mtu huyo jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote, na ndiye tuliyetaka kusema habari zake.

Mpaka mwaka 1888 Hamburg ulikuwa nje ya ushuru wa forodha wa Ujerumani. Mwaka huo ukaingia, lakini wafanya biashara wakapata ruhusa ya kubakiza sehemu ya bandari iwe huru, mali ikae humo bila kulipiwa ushuru. Ili kupata mahali pa kujenga maghala, mitaa mizima ilibomolewa. Watu wapatao 20,000 waliondolewa, wengi wao wafanya kazi wa bandari waliokaa karibu na kazi yao. Mahali pao yakajengwa maghala marefu ya matofali mekundu juu ya nguzo za miti zilizopigwa matopeni. Maghala hayo yapo mpaka leo, na wageni huenda kuyatazama na kuyasifu. Ni mazuri kweli. Lakini mtu akiyasifu na ataje wale 20,000 pia.

Walikwenda wapi? Wengine walihamia mitaa ya mbali, wakawa wanatembea alfajiri kutafuta kazi na usiku kurudi. Wengine walijisonga katika vichochoro vya zamani ambavyo Wajerumani waliviita Gängeviertel, nyumba zimeegemeana, jua halifiki chini. Kodi ya chumba ikapanda. Hapo ndipo wanaporudi wale wenye nyumba. Katika baraza la mji wao ndio waliokuwa na nguvu, kwa maana si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Hata baada ya sheria kupunguzwa ukali mwaka 1896, mtu hakuweza kuwa raia mwenye kura ya mji mpaka athibitishe kwamba kwa miaka mitano mfululizo alipata si chini ya Mark 1,200 kwa mwaka na kuzilipia kodi. Kibarua wa bandari, ambaye leo ana kazi na kesho hana, angezithibitisha wapi?

Matokeo ya baraza kama hilo yalionekana mwaka 1892. Maji ya mji yalichotwa mtoni na kupelekwa mabombani bila kuchujwa. Habari ya kujenga mahali pa kuchujia ilikuwa imebishaniwa miaka mingi, nani alipe, mji au wenye nyumba. Mwezi wa Agosti kipindupindu kikaingia. Watu 8,605 walikufa katika majuma machache, na wengi wao walikuwa maskini. Upande wa pili wa mpaka ulikuwepo mji wa Altona, nao ulichota maji ya mto ule ule, tena kwa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia. Lakini Altona walichuja maji yao kwa mchanga. Basi mpaka ukipita katikati ya mitaa, upande huu watu walikufa, upande ule walipona. Serikali kuu ilimpeleka daktari wake Robert Koch, naye akachukizwa sana na hali aliyoiona katika vichochoro vile. Ni Koch yule yule aliyefika baadaye visiwa vya Sese katika ziwa Victoria, mwaka 1906, kuchungua ugonjwa wa malale.

Sasa tuingie kazini.

Mtu wa reli akisikia kazi ya bandari hudhani ni kazi moja. Kule Hamburg zilikuwa kazi nyingi, na kila kazi ilijiona ni kabila lake. Walikuwako waliopakia na kupakua ndani ya meli, ambao kwa Kijerumani waliitwa Schauerleute. Walikuwako watu wa matishali waliochukua shehena kutoka meli mpaka maghalani kwa njia ya maji; hao walijiona mafundi. Walikuwako watu wa gati, walioajiriwa na serikali ya mji, na mshahara wao ulikuwa wa hakika zaidi. Wa maghala, wa nafaka, wa makaa ya mawe. Tena walikuwako waosha boila, ambao waliingia ndani ya boila ya meli kukwangua, kazi ambayo ndugu zetu wa karakana hawahitaji kuelezwa. Aliye wa matishali hakukaa meza moja na aliye wa makaa. Na matajiri walilijua jambo hilo kuliko wao wenyewe.

Wengi walikuwa vibarua wa siku. Kazi ilipatikana wapi? Katika vilabu vya pombe. Mwenye kilabu alipatana na msimamizi, au alikuwa jamaa yake, na aliyetaka kuitwa alikaa kilabuni akinunua bia. Aliyekunywa sana aliitwa mapema. Aliyekaa bila kununua alisahauliwa. Jioni mshahara ulilipwa mle mle kilabuni, na deni likakatwa kwanza. Mke alingojea nyumbani na watoto, akaletewa kilichobaki. Wako watu waliosema kwamba watu wa bandari ya Hamburg ni walevi. Sisi tunauliza: mtu akifungiwa mlango wa kazi ndani ya kilabu, atapita wapi asinuke pombe?

Saa za kazi nazo hazikuwa na mwisho. Meli ikiwa na haraka, watu walifanya kazi mchana na usiku na mchana tena, saa 24, hata 36, bila kurudi nyumbani. Ikiondoka, walikaa siku kadhaa bila senti. Ajali zilikuwa nyingi, maana mtu aliyekesha hatazami mnyororo wa winchi.

Mwaka 1889 makuli wa London waligoma wakashinda, na habari zao zikavuka bahari. Mwaka 1896, ambao ndio mwaka ule ule reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, viongozi wa London waliunda umoja wa kimataifa wa watu wa meli na bandari. Tom Mann, mmoja wao, akaenda Hamburg mwezi wa Septemba kusema na makuli. Polisi wakamkamata na kumfukuza. Tunafikiri polisi hao walimfanyia kazi nzuri kuliko hotuba yake, maana mtu ambaye hakutaka kumsikiliza sasa alitaka kujua alikuwa na neno gani la kuogopwa hivyo.

Vuli ya mwaka huo meli zilikuwa nyingi bandarini na kazi tele. Bei za chakula zilipanda, kodi za nyumba zilipanda, mshahara ulikaa pale pale. Wapakizi wa meli wakadai nyongeza. Wakapewa jibu dogo. Viongozi wa chama chao waliwaonya wasigome wakati ule: wanachama ni wachache, hazina ni nyepesi, tena baridi inaingia. Hata Carl Legien, aliyekuwa fundi wa kukereza mbao na sasa kiongozi wa vyama vyote vya wafanya kazi vya Ujerumani, ambaye ofisi yake ilikuwa pale pale Hamburg, aliwaambia wangoje. Mkutano ukakataa kungoja. Tarehe 21 Novemba 1896 wapakizi waliacha kazi.

Hapa likatokea jambo ambalo matajiri hawakulitazamia. Katika siku chache zile kabila zote za bandari tulizozitaja zilifuatana. Watu wa matishali walitoka. Watu wa makaa walitoka. Waosha boila walitoka. Hata watu wa gati, wenye mshahara wa serikali, wakatoka. Idadi ikapanda mpaka ikakaribia 17,000. Wengi wao hawakuwa wanachama wa chama chochote siku walipoanza. Mtu anayejua bandari ya Mombasa atakumbuka Januari 1947, watu wa gati na watu wa reli walipoacha kazi pamoja na mji mzima ukasimama.

Matajiri nao walikuwa na umoja wao, na mwenye sauti kubwa kati yao alikuwa Hermann Blohm, mwenye karakana ya kujenga meli. Yeye hakuwa na ugomvi wa mshahara na wapakizi, maana hawakuwa watu wake. Alitaka jambo jingine: chama cha wafanya kazi kisitambuliwe hata kidogo. Mwisho wa Novemba wakubwa watatu wa mji walijitolea kusuluhisha kwa baraza la usuluhishi. Wagomaji wakakubali. Matajiri wakakataa. Ndugu, tunaomba mlisikie vizuri, kwa sababu siku hizo magazeti ya mabwana yaliandika kwamba wagomaji ndio wasiotaka amani. Kaisari Wilhelm wa Pili mwenyewe alikuwa upande wa matajiri.

Wavunja mgomo walitafutwa kila pembe ya Ujerumani na hata nchi za nje. Katikati ya Desemba walinzi wa mgomo wakakatazwa kukaribia bandari, na polisi wakajaa. Lakini kazi ya bandari si ya kuokota njiani. Mtu aliyetoka shamba jana hajui kupanga magunia ndani ya meli yasianguke mawimbini, na meli ziliendelea kungoja zamu mtoni, kila siku kwa hasara.

Familia zilikula nini? Swali hili ndilo huamua mgomo wowote, kuliko hotuba zote. Fedha zilichangwa Ujerumani kote na nchi nyingine, na jumla yake ilipita Mark milioni moja na nusu. Si fedha za wafanya kazi peke yao: wenye maduka madogo wa mitaa ya maskini walichanga pia na kukopesha, kwa maana mteja wao ndiye yule aliyegoma. Hata walimu wa vyuo vikuu walitoa sauti kuwatetea, na mmoja wao, Ferdinand Tönnies, alichungua mgomo huo na kuandika habari zake. Hata hivyo fedha hizo zikigawanywa kwa watu 17,000 na watoto wao kwa majuma kumi na moja, hesabuni wenyewe kila nyumba ilipata nini.

Wanawake hawakukaa kando. Matajiri walitumaini kwamba mke akiona sufuria tupu atamsukuma mumewe arudi kazini. Luise Zietz, binti wa mfumaji maskini ambaye tangu utoto alifanya kazi, alizunguka akisema na wake wa wagomaji, na wengi wao wakashikilia mgomo kwa nguvu. Alikuwa na sauti ya kusikika ukumbi mzima. Mwaka 1908 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika halmashauri kuu ya chama chake cha siasa. Tungependa kuona katika mikutano yetu wake zetu wengi kuliko leo, na hili tunalisema kwa halmashauri ya tawi, iliandike.

Mwisho wa Januari 1897 viongozi waliwauliza wagomaji kama waache. Wengi walikataa. Juma moja baadaye waliulizwa tena. Tarehe 6 Februari wengi wakakubali, na mgomo ukaisha bila kupata hata nukta moja ya madai yao. Waliorudi bandarini walikuta nafasi zao zimeshikwa. Wengine hawakuandikwa tena. Pakawa na fujo mitaani, na mamia walishtakiwa mahakamani.

Hapa wenye kuandika historia fupi fupi huweka kalamu chini. Sisi ndipo tunapotaka kukaa.

Jambo la kwanza. Kabla mwaka haujaisha, watu ambao walipogoma hawakuwa na kadi ya chama walikuja kujiandikisha. Kwa kawaida chama kikishindwa wanachama hukimbia. Hapa walikuja, kwa kuwa waliona kwa macho yao kwamba walivunjika kwa kukosa matayarisho. Mgomo ulianza hazina ikiwa tupu na watu wakiwa hawajulikani kwa majina.

La pili. Serikali ya mji, ingawa iliwashinda, iliingiwa na hofu. Iliunda tume ya kuchungua hali ya kazi bandarini, na tume ikakuta kwamba manung'uniko mengi yalikuwa ya kweli. Akawekwa mkaguzi wa bandari wa kuangalia usalama wa kazi. Desturi ya kulipa mshahara kilabuni ikaanza kuondolewa. Mambo haya wagomaji waliyaomba wakakataliwa, kisha wakapewa pole pole kama zawadi, ili isisemwe kwamba waliyapata kwa kugoma.

La tatu ni la duka. Katika mgomo walijifunza kwamba mkopo wa mwenye duka una mwisho. Basi mwaka 1899 wakaanzisha ushirika uitwao Produktion, na mmoja wa waanzilishi alikuwa Adolph von Elm, mtu wa kazi ya sigara. Ushirika ulikuwa na maduka, baadaye tanuri za mikate na nyumba za kupangisha. Mwanachama aliponunua alipata gawio lake mwisho wa mwaka, lakini hakupewa lote mkononi. Liliwekwa akiba kwa jina lake, mpaka lifike kiasi kilichotakiwa, naye aliruhusiwa kuligusa wakati wa shida: ugonjwa, kukosa kazi, au mgomo. Kwa hiyo mama akinunua mkate alikuwa anaweka akiba bila kuhisi. Kwetu sisi, ambao wengi wetu mwisho wa mwezi tunadaiwa na duka la jirani kabla bahasha haijafunguliwa, ushirika wa namna hii unastahili mkutano wake peke yake.

La nne ni letu hasa. Mwaka ule ule wa 1897 watu wa reli wa Ujerumani waliunda chama chao, makao yake Hamburg, na kiongozi wake akawa Hermann Jochade. Reli zilikuwa mali ya serikali, na serikali iliwakataza watu wake kujiunga. Aliyejulikana kuwa na kadi alifukuzwa. Ikawabidi kuficha kadi. Hata hivyo chama kilidumu. Na ule umoja wa kimataifa uliozaliwa London mwaka 1896, ulipokuwa umedhoofika kwa fedha na kwa ugomvi, ulihamishiwa Hamburg mwaka 1904, Jochade akawa katibu wake. Ndio unaoitwa I.T.F., shirikisho la wafanya kazi wa uchukuzi, ambalo vyama vya reli na bandari vya Kenya vimekuwa wanachama wake. Barua zilizofunga watu wa reli na watu wa bandari wa nchi nyingi ziliandikwa katika mji ule ambao miaka saba nyuma wafanya kazi wake walirudi kazini vichwa chini.

Tusije tukadanganyana kwamba baada ya hapo yote yalikuwa mazuri. Mwaka 1906 matajiri wa bandari waliunda umoja wao wenye nguvu zaidi, nao ukafungua ofisi yake ya kuandika watu kazi. Vilabu vikapoteza biashara, ni kweli. Lakini sasa mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa tajiri. Msimamizi mlevi angeweza kusahau jina lako. Karani mwenye daftari hakusahau, na aliyesema sana mkutanoni aliona siku nyingi zikipita bila kuitwa. Kwa hiyo miaka iliyofuata ugomvi mkubwa wa bandari ya Hamburg haukuwa mshahara peke yake, ulikuwa daftari: nani aandike, nani asome, nani afute.

Mwaka ule ule wa 1906 vyama vya wafanya kazi vilifungua nyumba yao wenyewe, kubwa, katika barabara iitwayo Besenbinderhof, maana yake ni uwanja wa wafunga mifagio. Ilijengwa kwa michango. Tarehe 2 Mei 1933 watu wa Hitler walizishika nyumba za vyama Ujerumani nzima siku moja, na hiyo ikiwamo. Fedha zikachukuliwa, viongozi wakafungwa. Hermann Jochade, yule katibu wa watu wa reli, alikufa mwaka 1939 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Baada ya vita nyumba ilirudi kwa wenyewe, na mpaka leo vyama viko humo.

Na vibarua? Sheria ya Ujerumani ya Agosti 1950 iliweka jambo jipya: katika bandari paliruhusiwa pawe na mwajiri wa pamoja. Kibarua akaandikwa kwake, akawa mtu wa bandari nzima. Leo anatumwa kwa kampuni hii, kesho kwa ile, lakini haki zake hazipotei meli inapoondoka, na wakilishi wa wafanya kazi wana kauli katika kanuni za kazi hiyo. Tangu kile kilabu cha bia mpaka sheria hiyo ilipita zaidi ya miaka 50. Wapakizi wa 1896 wengi wao walikwisha kufa. Mombasa nako, baada ya mgomo wa 1947, daftari la makuli liliwekwa katika miaka ya 1950 ili kupunguza ukibarua wa siku, na wazee waliofanya kazi Kilindini wanajua lilivyogombaniwa, wengine wakilitaka na wengine wakiliogopa kwa sababu ile ile ya Hamburg.

Ndugu Mwenyekiti, habari tulizokusanya zimefika hapo. Tumesikia ndugu mmoja wa karakana ana swali juu ya lile duka la ushirika, jinsi gawio lilivyohesabiwa. Na aulize, tuko tayari.